Vipimo vya Mama

Bwenini, 3 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana nakujua, ukianza salamu hufiki mwisho.

Nina habari mbili, moja chungu na moja tamu. Ile chungu ni kwamba filamu niliyopiga likizo imeungua yote. Mpiga picha kaniita dukani kwake, kaishika mbele ya taa, nyeusi tii. Ule ukuta wa chumba cha kushonea sina hata picha yake moja. Nimebaki na yale niliyonakili kwa mkono tu.

Ile tamu ni kwamba msimamizi wangu, yule mzee wa kalamu nyekundu, anakuja nyumbani. Mwenyewe, kwa miguu yake. Lakini usishangilie. Anakuja kwa sababu haamini. Anasema fundi cherehani gani anaandika vipimo vya wateja ukutani miaka yote hiyo na madaftari yapo? Anasema sura yangu ya tatu ni nzuri mno, inanukia kutungwa. Nikamwambia marehemu baba alikuwa akisema daftari linapotea, ukuta hauendi popote. Akacheka, akasema, "Basi twende nikauone."

Kwa hiyo nielewe. Akiuona, tasnifu imepita, nahitimu mwaka huu. Asipouona, sura ya tatu inatolewa, na bila hiyo sura sina tasnifu, nina karatasi za kufungia karanga.

Kazi yako ni moja tu. Mtu asiuguse ule ukuta. Asiegemee, asitundike koti, asipige msumari. Hasa pale pembeni mwa dirisha, penye vipimo vya mama. Wateja wengine baba aliwaandika mara moja, mara mbili, basi. Mama alimwandika tangu hawajaoana mpaka macho yake baba yalipokataa kazi. Pale pana maisha mazima ya mwanamke kwa penseli, na sura yote ya tatu ni hapo.

Mama usimwambie kwamba nimeandika juu yake. Nitamweleza mwenyewe nikifika, kwa maneno mazuri.

Dada yako

*

Nyumbani, 11 Juni

Dada, shikamoo.

Mimi mzima, mama mzima, miguu tu inamsumbua. Barua yako imefika. Mwenye duka ameitangaza kama kawaida yake, "Barua ya msomi! Barua ya msomi!", hata mama kaisikia kabla yangu.

Dada, nimeharibu. Nakwambia mwanzoni kabla sijaogopa.

Si unajua hapa barua yako ikija lazima isomwe. Mama anaweka kigoda mlangoni, anaosha mikono kama anakwenda kula, anasema, "Soma yote, usiruke." Tangu siku ile mwenye duka alipomsomea akaruka habari ya wewe kulazwa, hamwamini mtu. Na mimi unajua ninavyosoma. Wewe ukisoma unaelewa hapo hapo. Mimi nalishika neno, naliachia, nashika jingine, halafu maana inakuja nyuma huko inahema, kama mtu aliyeachwa na basi. Basi nikasoma kwa sauti, "Mama usimwambie kwamba nimeandika juu yake." Vizuri kabisa, dada. Sikukwama hata mahali pamoja. Nimefika kwenye "maneno mazuri" ndiyo nikasikia nilichokisema.

Nikaikunja barua.

Mama akasema, "Endelea."

Nikasema, "Imeisha."

"Hajaandika jina?"

"Kaandika dada yako."

Akacheka. Kweli dada, alicheka mpaka akashika goti. Akasema, "Kumbe mimi ndiye sura ya tatu. Ya kwanza na ya pili wako wapi, na mimi ndiye mkubwa?" Nikasema sijui, labda zinapangwa. Akasema nikale.

Lakini mimi nilikuwa namwangalia. Asubuhi alipokuwa anafagia chumba cha kushonea alisimama dirishani, ufagio mkononi, hafagii. Kusoma hajui, ila namba anazijua, za sokoni. Alikuwa anaweka kidole kwenye namba moja, halafu anashuka kwenye nyingine. Aliponiona akaniuliza mbona sijaenda kazini. Nikaenda. Siku hiyo nilipiga pasi shati la watu nikalikunja kola ndani nje, bosi wangu dobi akaniuliza kama nimeoa.

Ukuta nalinda. Jana Mjomba Brashi alikuja na ngazi yake na makopo yake ya rangi, anataka aviweke humo ndani kwa sababu kwake panavuja. Nikasimama mlangoni. Sikusema kitu. Akaniambia, "Wewe Bubu, nyumba hii ina milango miwili siku hizi?" Nikaendelea kusimama. Akaviweka jikoni.

Sasa niambie mama nimwambie nini, au nisimwambie.

Mdogo wako

*

Bwenini, 14 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako sijaipata, bila shaka bado unatafuta neno la kuanzia. Nisikilize basi mimi. Tunakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Atakaa mchana tu, atakunywa chai, ataona, ataondoka, mimi nitabaki siku mbili.

Nimeshindwa kuivumilia furaha, nimekunakilia kipande cha sura ya tatu. Ni chako wewe peke yako. Soma polepole:

"Mteja huyu ni mke wa fundi. Hakuna mtu mtaani aliyepimwa mara nyingi kama yeye. Kiuno chake kinapanuka vipindi vitatu. Katika kipindi cha kwanza na cha tatu, vipimo vinashuka taratibu, na pembeni fundi anaanza kuandika vipimo vya mtoto. Katika kipindi cha pili vinashuka ghafla, na pembeni hakuna kilichoandikwa. Nafasi hii tupu ndiyo ushahidi mzito kuliko wote katika ukuta huu. Familia haimtaji mtoto huyu, lakini ukuta umemhifadhi."

Wa kwanza ni mimi, wa tatu ni wewe. Yule wa katikati sote tunajua habari yake tangu wadogo, na hakuna aliyewahi kuisema ndani ya nyumba ile. Sasa imesemwa, na imesemwa kwa heshima. Msimamizi ameandika pembeni, "Hapa umefika." Hajawahi kuniandikia hivyo tangu nianze! Nililia maktaba, mkutubi akadhani nimefiwa.

Baba angefurahi, si ndiyo? Kazi yake itakaa kwenye rafu, na jalada gumu.

Nimehamia chumba cha juu, kina mwanga. Utauona siku utakayokuja kwenye mahafali, na viatu vya kuazima.

Dada yako

*

Nyumbani, 20 Juni

Dada, shikamoo.

Barua hii uisome upesi. Ikikukuta umekaa, simama.

Ya kwako ya pili mwenye duka hakunipa mimi. Alimpa mama mkononi. Nilivyotoka kazini nikaikuta juu ya kigoda, na mama amekaa chini kwenye mkeka, kigoda kaniachia mimi. Nikasema kichwa kinaniuma. Akasema, "Kwani unasoma kwa kichwa au kwa macho?" Nikafungua.

Nikaona umeandika ni changu peke yangu. Safari hii nililiona mapema, dada, naapa. Nikataka kuruka. Lakini anayeruka lazima ajue anaangukia wapi, na mimi mbele sikujui mpaka nifike. Niliruka mistari miwili nikatua kwenye "kiuno chake". Mama akasema, "Cha nani?" Nikarudi juu. Nikasoma yote.

Na yale maneno yako ni marefu. U-sha-hi-di. U-me-m-hi-fa-dhi. Nayavunja vipande, nayaunga tena, kwa hiyo kila moja mama amelisikia mara mbili. Pale penye "hakuna kilichoandikwa" nilirudia, nilidhani nimekosea.

Safari hii hakucheka. Hakulia pia, usije ukafikiri alilia. Aliniuliza, "Huyo mwalimu ni mwanamume?" Nikasema ni mzee. Akasema, "Mzee si mwanamume?" Akaingia ndani.

Kesho yake nilitoka kazini nikamkuta Mjomba Brashi kwenye chumba cha kushonea. Cherehani ameitoa nje. Mama anamwambia, "Kuna mgeni msomi anakuja, na chumba hiki kinatia aibu. Angalia kuta, kama choo cha stendi."

Mjomba anasema, "Unataka rangi gani?"

"Yoyote inayofunika."

Dada, nilisema. Nataka ujue kwamba nilisema. Nilisema, "Mama, dada kasema mgeni anakuja kuuona huo ukuta."

Mama akasema, "Ndiyo hivyo. Mtu anakuja kuona ukuta, utamwonyesha mchafu?"

Mjomba akacheka akashika tumbo. "Hapo Bubu umekwisha! Bora ungenyamaza kama siku zote."

Nikaenda nikasimama mlangoni, kama siku ile. Mjomba alikuwa na kopo mkono huu na ngazi mkono huu, akasimama naye. Kidogo angerudi, nilimwona. Halafu mama akaja, akanishika hapa kwenye kiwiko, akasema, "Toka mlangoni, mwanangu." Hakunifokea. Angenifokea ningebaki.

Nikatoka.

Mjomba akasema penseli ina tabia ya kutokeza chini ya rangi, lazima ipigwe msasa kwanza. Akaanza upande wa mlango, vumbi mpaka kwenye nyusi. Watu wote wale dada, yule mwalimu wa kwaya, yule polisi mnene, wale pacha, wote wakashuka sakafuni wakawa unga. Alipofika karibu na dirisha mama akamwambia, "Nipe huo msasa." Mjomba akasema, "Dada'angu, utaumia mabega, hii kazi ya wanaume." Mama akasema, "Hapa nitafanya mimi." Akafanya. Hakuwa anapiga kwa nguvu kama mjomba. Alikuwa anazungusha taratibu, anapuliza, anaangalia, anazungusha tena. Mpaka pakawa laini kuliko kwingine kote. Mjomba mwenyewe aliacha kutania.

Nilikwenda dukani kukupigia simu. Unajua mimi na simu. Mwenye duka kapunguza redio ili asikie vizuri, na wateja wamejipanga. Akapokea mlinzi wenu.

"Unamtaka nani?"

"Dada yangu."

"Dada yako nani?"

Watu wote wananiangalia. Jina lako likanikauka mdomoni. Nikasema, "Yule anayesoma mambo ya zamani."

"Hapa wote wanasoma mambo ya zamani. Chumba gani?"

Nikamtajia kile cha chini. Akasema huyo kashahama. Nikasema najua, kahamia juu. Akasema juu kuna vyumba vingi, nimpe jina. Nyuma yangu mtu akacheka. Nikaweka simu chini. Ndiyo maana naandika.

Rangi ni krimu, ya mafuta. Imeshakauka. Dada, usije naye. Mwambie mama anaumwa, mwambie mimi nimekufa, chochote.

Mdogo wako

*

Bwenini, 2 Julai

Mdogo wangu,

Njia nzima nilikuwa napanga namna ya kukutukana. Nilikuwa nimeshapata maneno mazuri. Ulisimama pale na sinia ya vikombe, unanitazama, na mimi nikadhani ni haya zako tu mbele ya mgeni. Nikamshika mkono msimamizi wangu nikamwingiza chumbani nikisema, "Karibu uone," na kichwa changu kilikuwa kimegeukia kwake, si ukutani. Nilitaka nione uso wake. Nikauona. Akasema, "Rangi nzuri." Akagusa kwa kidole, akatazama kidole. Mama akasema, "Tumeipaka kwa ajili yako, mwalimu." Akamshukuru, akanywa chai, akasifu chai.

Nilimsindikiza mpaka kituoni. Akasema, "Nilikwambia inanukia kutungwa."

Basi nimerudi bwenini, mlinzi kanikabidhi barua zako zote mbili. Alizitia kwenye kisanduku cha chumba nilichohama. Nimezisoma ngazini, sikufika juu. Sasa sina wa kumtukana. Wewe ulisimama mlangoni. Mimi ndiye niliyekutumia ule ukurasa.

Idara imekaa. Wameniachia njia moja. Mama mwenyewe akikubali kueleza kwa mdomo wake kwamba vipimo vile vilikuwepo na ni vyake, hasa vile vya kipindi cha pili, nikamrekodi, na akaweka dole gumba kwenye karatasi ya ridhaa, sura inabaki. Karatasi inatakiwa kabla mwezi haujaisha. Asipokubali, inatoka, na muda wangu chuoni umekwisha, hawaongezi mwaka. Nitarudi nyumbani bila shahada.

Siku mbili nilizobaki hapo nilimzunguka mama kama nzi. Kila nikifungua mdomo nasema jambo jingine. Nilisema, "Mama, rangi imetulia." Akasema, "Mjomba wako kajitahidi." Tukaishia hapo, siku mbili. Wewe nilikununia, sikukuuliza kitu, nawe ulikuwa unashinda kwa dobi.

Kwa hiyo nakuomba wewe, usiyejua kusema, ukaseme. Msomee barua hii kwa sauti. Safari hii nimeiandika ili isomwe, na kuanzia hapa ni ya kwake:

Mama, shikamoo. Sikutaka kukuvua nguo mbele za watu. Nilikuwa naona wanaandikwa wajenzi wa ngome na wenye majumba makubwa, na wewe hupo. Nilitaka uwepo. Ukisema ndiyo, nitakuja mwenyewe na karatasi. Ukisema hapana, nitajua. Ni mimi binti yako.

Dada yako

*

Nyumbani, 9 Julai

Dada, shikamoo.

Nimeisoma yote, mara moja, sikurudia. Nilikwenda nayo kwanza nyuma kwa dobi, kwenye kamba za nguo, nikajifunza maneno magumu ili nisiyavunje mbele yake. "Ridhaa" nilikuwa nalijua tayari.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Hicho kitabu kikimalizika kinakaa wapi?"

Nikasema, "Maktaba."

"Anakisoma nani?"

"Yeyote anayetaka."

"Asiyenijua?"

"Hasa huyo."

Akakaa. Akasema, "Ukuta ule ulikuwa na mtaa mzima. Mbona asimwandike mke wa mwenye duka? Kile ndicho kiuno cha kuandikwa kitabu." Nikacheka, naye akacheka, nikafikiri labda. Nikasema, "Mama, basi nimwambie aje na karatasi?"

Akasema, "Mwambie hapana."

Dada, nilimbembeleza. Mimi nilimbembeleza, kwa maneno. Nikamwambia, "Dada atafeli."

"Najua."

"Amesoma sana, mama."

"Najua. Nani alikuwa anamwamsha alfajiri?"

"Atarudi hana kitu."

"Atarudi kwao." Akasema, "Baba yenu alikuwa anaandika pale kwa sababu hapakuwa na mtu wa kusoma ila yeye. Mimi nilikuwa sijui hata ameandika nini. Nilijua ananipima tu. Nguo yenyewe mara nyingine haishonwi, ananipima basi." Akaangalia upande wa dirisha, kama bado pana kitu. "Gumba langu siweki."

Nilikuwa nimekuja na maneno yale matano sita, yakaisha.

Nikataka nikuandikie hivyo tu, hapana, nifunge. Karatasi nimeishika tangu juzi. Leo asubuhi natoka kwenda kazini mama akaniita, akasema, "Hujampelekea jibu?" Nikasema bado. Akasema, "Kaa uandike. Andika ninavyosema, usiruke." Nikakaa. Haya ndiyo maneno yake, mimi sijaongeza:

Alikuwa wa kike. Baba yenu alimshonea gauni kabla hajazaliwa, jeupe, lina vifungo vidogo nyuma. Katika maisha yake yote hiyo ndiyo nguo aliyoshona bila kumpima mtu. Ukutani hapakuwa na habari hiyo, na wewe usingeipata popote. Nakupa.

Mimi nikamuuliza, "Lile gauni liko wapi, mama?" Akasema, "Alilivaa." Akasema hilo pia niliandike.

Halafu akasema, "Sasa mwambie asiliweke kwenye kitabu."

Dada, sijui kama nimekusaidia au nimekumaliza. Mama amekaa hapa pembeni yangu, ananiangalia mkono, anasubiri nitie gundi bahasha.

Mdogo wako